Adabu ya Kuweka Vitabu Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, jamaa zetu wengi wa mwambao wamehamia bara kwa biashara, ualimu na kazi za serikali, na baadhi yao wamefanya maskani katika miji ya Meru na Embu, chini ya Mlima Kenya, safari ya zaidi ya kilomita 600 kutoka Mombasa. Huko wameungana na ndugu zao Waislamu wenyeji. Misikiti ipo na madrasa zipo, walakini Waislamu ni wachache, na mtoto hushinda shuleni pamoja na wenzake wasio wa dini yake. Humuuliza: Kwa nini mwafunga? Kwa nini mwaswali hivi? Akirudi jioni maalimu hayupo, na baba yu dukani. Ni nani basi atakayemjibu? Aghalabu hapana wa kumjibu ila kitabu kilichomo nyumbani, iwapo kimo, na iwapo mkono wake wakifikia. Kwa hivyo jambo la kupanga vitabu, ambalo mtu wa Mombasa au Lamu aweza kuliona dogo, kwa ndugu zetu hao ni jambo la dini ya watoto wao. Na sisi wa pwani pia latuhusu.

Ada yetu tulioizoea ni hii: Msahafu hufungwa kwa kitambaa kizuri, ukawekwa juu ya kabati au katika zidaka la juu, na hauteremshwi ila kwa khitma au kwa kuapia. Twaiita ada hii heshima. Naam, kuutukuza Msahafu ni wajibu, wala hapana Muislamu anayeukana wajibu huo. Lakini na tujiulize: kilichowekwa mahali ambapo hakuna akifikiaye, kimetukuzwa au kimeachwa? Katika Suratul Jumua, Mwenyezi Mungu amewafananisha waliopewa Kitabu wasikifuate na punda aliyebebeshwa vitabu. Tuzingatie mfano huo. Mzigo wa punda waweza kufungwa vizuri sana, usilowe wala usichanike hata ukurasa mmoja, na punda asipate hata herufi. Basi ubora wa kabati si hoja mbele ya Mungu. Hoja ni kusoma na kutenda.

Wanavyuoni wetu wa kale hawakulidharau jambo hili. Kadhi Badrud-Din Ibn Jamaa, aliyefariki mwaka 1333, ameweka mlango mzima juu ya vitabu katika kitabu chake cha adabu za mwalimu na mwanafunzi. Asema kitabu kisitandazwe chini, bali kiwekwe juu ya ubao au mfano wake, kisipate unyevu. Vitabu vipangwe kwa utukufu wa elimu zake: Msahafu juu ya vyote, kisha hadithi, kisha tafsiri, kisha itikadi na fiqhi, hata kufikia nahau na mashairi. Kikubwa kisilazwe juu ya kidogo. Kitabu kisifanywe mto wala upepeo. Jina lake liandikwe ubavuni ili kichukuliwe bila ya kuvuruga vingine. Na Msahafu, ameona vyema utiwe katika mfuko na kutundikwa ukutani mbele ya kikao. Angalieni, ndugu zetu: mbele ya kikao, wanapokaa watu, wala si katika chumba kilichofungwa.

Maneno hayo yanafaa hata leo, na kila nchi huyatumia kwa hali yake. Kwetu pwani twapigana na chumvi ya bahari na mende, na wazee wetu hutia majani makavu ya mwarobaini baina ya kurasa. Meru na Embu mjini adui ni baridi na ukungu, hasa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ambapo jalada huota kuvu. Huko rafu isigusane na ukuta, na ubao wa chini uinuliwe shubiri moja kutoka sakafuni. Vitabu visibanwe sana, hewa ipite, na siku ya jua vifunguliwe kivulini vikauke. Mbeere, upande wa chini wa Embu, ni joto na ukavu, na wa kuogopwa ni mchwa. Basi miguu ya rafu ikaguliwe kila juma. Wala haihitajiwi samani ya ghali. Mbao za muuru, mti wa nchi hiyo ya Meru, zikipigwa randa na fundi wa mtaani zatosha.

Ama mpango wenyewe, rai yetu ni hii. Ubao wa juu uwe wa Msahafu na juzuu, na marufaa iwe karibu. Ubao wa pili uwe wa tafsiri na hadithi kwa lugha inayofahamiwa na watu wa nyumba. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwasemeza watu kwa Kiswahili ili wafahamu. Na tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, haistahili kukosekana katika nyumba ya Mswahili. Ubao unaolingana na kifua cha mtoto uwe wa vitabu vyake: sala, sira ya Mtume, na vitabu vyake vya shule kando yake, apate kujua kuwa elimu zote zina nafasi katika nyumba ya Muislamu. Vitabu vya ramli na fali vitolewe kabisa, kwani mtoto hatambui tofauti ya vilivyokaa pamoja.

Tena, vitabu visiwe vya wanaume peke yao. Kurasa za Qurani zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar ziliishia kuhifadhiwa na mwanamke, Bibi Hafsa binti Umar, nyumbani kwake. Sayyidna Uthman alipotaka kuzinakili, aliziazima kwake, kisha akamrudishia. Khalifa wa Waislamu aliazima na akarudisha! Je, sisi tuna vitabu vingapi vya watu majumbani mwetu tulivyovisahau kwa miaka?

Mwisho, twawakumbusha ndugu zetu wa mwambao. Katika nyumba nyingi za hapa mna nakala mbili na tatu za kitabu kimoja, na mna masanduku ya vitabu vya mababu ambayo warithi hawajayafungua. Vilivyoandikwa kwa mkono visitoke; viorodheshwe na vitunzwe. Ama vilivyopigwa chapa na vikazidi haja, vifanywe wakfu na vipelekwe kwa madrasa za Meru na Embu. Kitabu kinacholiwa na mende Mombasa chaweza kumjibu mtoto Meru.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wasomaji wa vitabu vyetu, asitujaalie kuwa wachukuzi wake. Amin.