Paka Mwenyeji na Paka Mgeni: Swali la Haki

"Paka wa nyumba haingwa," walisema wahenga. Kuinga ni kufukuza, kama afanyavyo mlinda shamba kwa ndege. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtetea mtu wa nyumbani: aliyekwisha kuwa wa pale asifukuzwe kama mpita njia. Lakini methali haisemi neno juu ya siku ile mwenye nyumba aletapo paka wa pili. Yule wa kwanza hakufukuzwa. Hata hivyo nyumba aliyoijua si ile tena. Je, amedhulumiwa? Na yule mdogo aliyebebwa kikapuni, ambaye hakuomba kuletwa, ana haki gani?

Swali hili si la mchezo katika nchi ya Nile Magharibi. Arua ilipata hadhi ya jiji mwaka 2020. Koboko ni mji ulio karibu na mahali inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Pande zote mbili watu huweka akiba ya muhogo mkavu, mtama, maharage na ufuta. Palipo na akiba pana panya, na palipo na panya, paka ni mfanyakazi wala si pambo. Paka akianza kuzeeka, mwenye ghala hutafuta mtoto wa paka atakayemrithi. Humtua sakafuni mbele ya mzee, akaenda zake huku akisema, "Watazoeana wenyewe." Baada ya kitambo kidogo husikika vilio.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuielewe tabia ya mnyama. Simba huwinda kwa kundi, lakini paka-mwitu, ambaye ndiye asili ya paka wa nyumbani, huwinda peke yake, kwa kuwa panya mmoja hawashibishi wawili. Eneo lake hulitia alama kwa harufu: husugua mashavu yake kwenye miguu ya meza na pembe za milango, akaacha habari ambayo sisi hatuwezi kuinusa. Mtoto wa paka akitiwa ghafula mbele yake, analokutana nalo kwanza ni harufu ngeni katikati ya milki yake. Hukunja mgongo, husimamisha manyoya, hupuliza kwa hasira. Nasi twasema ana wivu, au ana roho mbaya. Hukumu hiyo si ya haki. Hasira yake ni hoja, aitoayo kwa njia pekee aliyo nayo.

Sisi walimu wa Kiswahili tumepewa na lugha yenyewe kipimo cha jambo hili. Tazameni kitenzi zoea. Kuzoea ni tendo la mmoja. Kuzoeana, kwa ile kauli ya kutendana, ni tendo la wawili, na kila mmoja hutenda na kutendewa. Kuzoeza, kwa kauli ya kutendesha, humleta mtu wa tatu, ambaye ndiye asababishaye. Asemaye "watazoeana wenyewe" ameificha kauli ya kutendesha nyuma ya kauli ya kutendana. Paka hawakuitana. Yuko mtu aliyewakutanisha, naye ndiye mdaiwa wa kwanza.

Deni lake lina sehemu tatu. Ya kwanza ni muda. Mgeni hana budi kuwekwa kwanza katika chumba chake, pamoja na chakula, maji na beseni la mchanga. Kitambaa alicholalia kipelekwe kwa mwenyeji, na cha mwenyeji kipelekwe kwa mgeni, ili harufu zitangulie kabla ya miili. Kisha walishwe pande mbili za mlango uliofungwa, hata kila mmoja ajifunze kwamba harufu ya mwenzake huja pamoja na shibe. Ndipo mlango ufunguliwe kidogo, kwa dakika chache, mbele ya macho ya mwenye nyumba. Kazi hii yaweza kuchukua wiki moja, au mbili, au zaidi.

Sehemu ya pili ni kwamba mwenyeji asipunguziwe kitu. Bakuli lake libaki mahali pake, na kadhalika mkeka wake. Naye ndiye apewe chakula kwanza. Ugeni wa mwingine usiwe adhabu kwake. Sehemu ya tatu ni kwamba mgeni apewe pa kukimbilia: rafu ya juu, au sanduku lenye tundu dogo lisilompitisha mkubwa. Wala asitolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki nane, maana asiyefunzwa na mama yake adabu za paka atajifunza kwa makucha ya wengine.

Yuko atakayeona kwamba kumtenga mgeni ni kumkaribisha kwa ubaridi. Huku kwetu yapo makumbusho makali ya kumjibu. Ugonjwa wa tauni, uenezwao na viroboto vya panya, umekuwa ukizuka mara kwa mara katika sehemu za Arua, Nebbi na Zombo, hata Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda ikaweka maabara ya ugonjwa huo Arua. Paka alaye panya mgonjwa aweza kuugua, na aweza kumwambukiza bwana wake. Basi mtoto wa paka aletwaye na viroboto vyake atengwe, aondolewe viroboto, aonwe na daktari wa mifugo, na umri ukifika achanjwe kichaa cha mbwa. Mlango uliofungwa kwa siku chache huwalinda wote waliomo nyumbani, na mgeni ni mmoja wao.

Wako pia wasemao kwamba mnyama ni mali, na nyumba ni ya aliyeijenga. Haki inatoka wapi? Najibu kwamba milki haifuti wajibu. Hata mwenye punda huulizwa juu ya mzigo aliomtwika. Wengine hutukumbusha kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, lakini methali hiyo yahusu wagombeao ubwana. Kwa paka, ugomvi mwingi hutokana na bakuli moja, beseni moja na njia moja ya kutokea. Viongezwe hivyo, na sababu nyingi za vita zitapungua.

Hapa hatuna budi kuweka mpaka. Mwenyeji hadaiwi upendo. Paka wengine huishia kulala pamoja. Wengine hupeana migongo maisha yao yote, kila mmoja na pembe yake, wala hakuna aliyeumia. Hiyo nayo ni amani, na amletaye mgeni hana haki ya kudai zaidi. Lakini ikiwa baada ya wiki nyingi za subira mmoja bado aishi kwa hofu, mkweli humtafutia mgeni nyumba nyingine iliyo njema. Kumwacha ateswe kwa sababu twaona haya kukiri kwamba jambo limeshindikana ni dhuluma.

Yumkini msomaji ameshawaza juu ya watu. Binadamu si paka, nami simlinganishi mkimbizi na mnyama. Lakini mwenye kuwakutanisha watu ana deni kubwa zaidi, kwa sababu watu waweza kuulizwa. Kambi ya Lobule huko Koboko imewapokea Wakongo; Rhino Camp na Imvepi zimewapokea watu wa Sudani Kusini, hasa baada ya vita vya mwaka 2016. Mwongozo wa Serikali hutaka asilimia 30 ya misaada hiyo iwafikie wenyeji, na hekima yake ni ile ile: wa kwanza asipunguziwe kwa ajili ya wa pili. Tena binadamu ana jambo ambalo paka hana. Wengi wa wenyeji hawa, au wazazi wao, walikuwa wageni Sudan na Zaire walipokimbia vita kuanzia mwaka 1979 na 1980. Paka hawezi kujiweka mahali pa mwenzake. Mtu aweza, na kwa hiyo hudaiwa.

Nawasihi walimu wenzangu, tufundishapo kauli za vitenzi, tusiishie kwenye viambishi. Tuwaulize wanafunzi: katika sentensi "watazoeana", ni nani asiyetajwa, na kazi yake ni nini?