Kodi ya Nyumba Inayovuja

Mtu akipanga nyumba, na mvua ikanyesha ndani yake, je, yampasa kulipa kodi? Ulizo hili laonekana dogo, lakini lagusa haki iliyo baina ya watu wote waliopatana.

Kijijini mtu hujijengea nyumba yake. Nyasi za paa zikioza, huenda kukata nyingine. Hana wa kumlaumu. Katika miji mikubwa si hivyo. Mfanyakazi wa mshahara mdogo hawezi kununua kiwanja wala matofali. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi, mabaraza ya miji na vyama vya msaada hujenga nyumba na kuwapangisha watu hao kwa kodi nafuu. Katika Uholanzi sheria ya mwaka 1901 ndiyo iliyofungua njia ya kazi hiyo. Kazi ni njema, lakini nyumba huzeeka: bomba lapasuka, paa lavuja, ukungu mweusi wapanda ukutani. Mpangaji apeleka habari, aambiwa angoje. Miezi yapita, na kila mwezi siku ya kodi yafika.

Hapo huja mawazo mawili. La kwanza lasema: «Yeye hakutengeneza, mimi silipi.» La pili lasema: «Nyumba hii ni msaada, maskini anyamaze.» Yafaa kuyapima yote mawili.

Mtu akikodi mtumbwi kuvuka ziwa, huahidi malipo. Na mwenye mtumbwi, hata asiposema neno, huahidi chombo kisichozama. Ahadi ni mbili, zimefungwa kwa kamba moja. Mtumbwi ukivuja, lakini mtu akafika ng’ambo pamoja na samaki wake, hawezi kusema hakupata kitu. Ndivyo alivyo mpangaji: hata chini ya paa bovu, yeye na watoto wake wamelala ndani na mlango umefungwa. Asipolipa kabisa, achukua kupita haki yake. Tena kodi za wote ndizo zinunuazo mabati ya wote. Na zaidi ya hayo, mtu hawezi kuwa mshtaki na hakimu katika shauri lake mwenyewe, kwa maana kila mtu huona tundu la paa lake kuwa kubwa kuliko lilivyo.

Wazo la pili ni baya zaidi, ingawa limevaa nguo ya unyenyekevu. Nyumba ya kodi nafuu si sadaka. Apokeaye kodi ana deni la kutunza nyumba. Akipokea fedha mwezi kwa mwezi na kuacha ukuta uoze, ashika mali isiyo yake. Amri isemayo «Usiibe» yamhusu yeye pia, ingawa hakuvunja mlango wa mtu. Na uzembe huo waweza kuua. Mwaka 2020, kaskazini ya Uingereza, mtoto wa miaka 2 alikufa kwa ugonjwa wa pumzi. Mwaka 2022 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema kuwa kilitokana na ukungu wa nyumba waliyopangishwa. Baba yake alikuwa amekwisha kutoa habari, ukuta haukuponywa. Mwaka 2023 bunge lilitunga sheria mpya, na tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za namna hiyo katika Uingereza wapaswa kuondoa hatari kubwa ya ghafula katika saa 24. Sheria ilikuja, mtoto hakurudi.

Basi mpangaji afanye nini? Katika Uholanzi, humwandikia mwenye nyumba na kungoja majuma 6, naye huku alipa. Nyumba isipotengenezwa, aweza kupeleka shauri mbele ya tume ya kodi. Ubovu ukiwa mkubwa, tume yaweza kupunguza kodi hata ibaki sehemu 40, au 30, au 20 tu katika 100, mpaka nyumba itengenezwe. Ikiisha kutengenezwa, kodi yote yarudi. Hapo si hasira ya mpangaji ipangayo bei, wala si huruma ya mwenye nyumba, bali mtu wa tatu.

Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1985 yamlazimisha mwenye nyumba kutunza paa, kuta na mabomba. Lakini mpangaji azuiaye kodi kwa nguvu zake mwenyewe aweza kufukuzwa. Njia iliyo salama kwake ni kulipa na kushtaki.

Je, pasipo na mwamuzi, au mwamuzi akiwa kiziwi? Hapo wapangaji waseme pamoja, tena waziwazi. Wakizuia kodi, wasiile. Waiweke mikononi mwa mtu mwaminifu, hata mwenye nyumba atimize wajibu wake. Fedha iliyowekwa ni dai la haki; fedha iliyoliwa ni deni.

*Ulizo:* Katika nyumba inayovuja, nani ana deni?
*Jibu:* Wote wawili. Mpangaji ana deni la kodi, na mwenye nyumba ana deni la paa.

*Ulizo:* Je, deni la mmoja lafuta deni la mwenzake?
*Jibu:* Halilifuti. Laweza kulipunguza, lakini apimaye ni mwamuzi wa haki, si mdai mwenyewe.

*Ulizo:* Asiye na nyumba ya kupanga ajifunze nini?
*Jibu:* Aliyekodi jembe, mtumbwi au mikono ya mtu, na atazame kwanza sehemu yake ya ahadi, kisha adai ya mwenzake bila woga.