Asanteni kwa Kutoniingilia

Kwani mtu akitoka nje ya kundi lake kidogo, amemsaliti nani?

Filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 wengi wetu tumeiona, na wengine tulilia pale mwisho. Kuna mahali Freddie Mercury anawaambia wenzake wa Queen kwamba amesaini mkataba wa kutoa albamu peke yake. Nyuso zinabadilika, maneno makali yanatoka, bendi inavunjika. Anaenda kuharibikiwa Munich, anarudi kuomba msamaha, ndipo wanapanda jukwaa la Wembley kwa Live Aid. Tamu sana. Ni mwana mpotevu, ila huyu ana maikrofoni.

Shida ni kwamba haikuwa hivyo. Mpiga ngoma wao, Roger Taylor, alikuwa ametoa albamu yake mwenyewe tangu 1981, akaongeza ya pili 1984. Mpiga gitaa, Brian May, alitoa rekodi yake nje ya Queen 1983. Mr. Bad Guy ya Mercury ilitoka Aprili 1985, kwa hiyo kwenye hiyo foleni alikuwa wa tatu. Na bendi haikuwa imevunjika: Januari mwaka huo walipiga Rio de Janeiro, Mei walikuwa Japani, Live Aid ikaja tarehe 13 Julai. Ati msamaha! Msamaha wa nini?

Sina ugomvi na watu wa sinema, kazi yao ni kupanga chumvi. Kinachonisumbua ni jinsi tulivyoamini haraka. Sauti Sol walipotangaza 2023 kwamba wanapumzika kama kundi, swali la kwanza nililosikia lilikuwa nani kamkosea nani. Kidole kimoja hakivunji chawa, tumeimbiwa tangu shule ya msingi. Kwenye chama, kwenye kwaya, hata kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo, mtu akisema mwezi huu hatakuwepo tunaanza kunong'ona: siku hizi anajiona nani? Deni la mtu kwa kundi lake tunalijua kwa moyo. Deni la kundi kwa mtu halina methali nyingi.

Mimi mwenyewe niko kwenye kundi la mashairi, watu wanne, miaka sita sasa. Mmoja wetu ametuambia anataka miezi minane afanye kazi yake, kwa jina lake, bila shoo zetu. Jumamosi tunakaa kuamua, na tayari kuna anayetaka aandike barua ya kuahidi kurudi. Ndiyo maana siku hizi nasikiliza Mr. Bad Guy kwenye matatu.

Kwenye jalada lake Mercury aliwashukuru Brian, Roger na John kwa kutoingilia. (Albamu yenyewe aliwatunuku paka wake, lakini hilo tuliache.) Unaweza kusoma shukrani hiyo kama kijembe, na jamaa alikuwa fundi wa vijembe. Mimi naisoma kama ilivyo. Watu mliokaa nao studio karibu miaka 15 wanajua kila udhaifu wako, wanajua ni wapi wimbo unalegea, na kunyamaza kwao huku wanajua ni kazi.

Halafu kuna ile imani kwamba albamu ya peke yako ndiyo inayomtoa "wewe halisi", kana kwamba kundi ni koti ulilovaa juu. Sidhani. Nyimbo zote 11 aliandika Mercury mwenyewe, kuna kinanda cha umeme kila kona, kuna disko, na ile sauti ni ileile. Lakini hakuna wa kumwambia hapana. Mara nyingine wimbo unafika mahali ambapo sikio langu linangoja gitaa la May, halafu haliji. Kumbe kuna kipande cha sauti yako ambacho kimechongwa na watu wanaokupinga, na ukiwa katikati yao huwezi kukiona. Lazima utoke ndio usikie pengo.

Na tazama yaliyofuata. Hawa ni watu waliozozana miaka kuhusu mrabaha: wimbo wa Taylor uliowekwa nyuma ya santuri ya "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975 ulimlipa sawa na ule wa mbele, maana santuri ni moja. Mwaka 1989, kila mmoja akiwa na uhuru wa kutoka na kurudi, walitoa The Miracle na kila wimbo ukaandikwa jina moja tu, Queen.

Ila kuna jambo linanikwama. Mercury alifariki Novemba 1991. Mwaka 1995 wenzake walitoa Made in Heaven, na ndani yake wakaweka nyimbo mbili za Mr. Bad Guy. Sauti yake waliiacha, muziki wakaupiga upya. Wale walioshukuriwa kwa kutoingilia sasa wameingilia, na mwenyewe hayupo kusema ndiyo wala hapana. Tena "I Was Born to Love You" yao ina moto kuliko ya kwanza, naipenda zaidi, na hapo ndipo napata taabu, kwa sababu utamu wa kitu hauleti ruhusa. Lakini pia, bendi itaomboleza na nini kama si kupiga nyuma ya sauti ya marehemu? Wangeifuta ile ya 1985 ningewaita wezi. Hawakuifuta. Ziko zote mbili, unachagua.

Kwa hiyo Jumamosi nitaipinga hiyo barua. Kigumu ni kwamba mwenzetu anataka kwenda na beti zake mbili zilizo katikati ya shairi letu refu, lile ambalo watu huliitisha kila shoo. Beti aliandika yeye, usiku mmoja, sisi tukiwa tumelala. Nitasema aende nazo. Ubeti unaofuata ni wangu, na nimeanza kujizoeza kuuingia bila yeye.