Neno Katika Ukuta wa Mgonjwa



Sisi tuandikao makala haya tulishikwa na kiharusi baada ya sala ya alfajiri, tukivaa viatu mlangoni mwa msikiti. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukafuata, na ulimi ukawa mzito. Tulipotaka kusema "maji" tulisema "mlango", na hali twajua ya kuwa tumekosea. Mtu aliyesomesha miaka mingi kwa ulimi wake akawa hana hata neno la kuombea maji.

Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali, mjukuu wetu, msichana wa skuli, aliandika methali katika karatasi akazibandika ukutani mbele ya kitanda: haba na haba hujaza kibaba, bandu bandu huisha gogo, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kila asubuhi alitusomesha herufi kwa herufi, kama tulivyomsomesha yeye alifu na bee. Siku moja akaja kututazama mzee wa darasa letu. Akaziangalia karatasi zile, akatabasamu, akasema: "Maalim, ni wewe uliyetwambia tuwavue watoto hirizi. Na hizi je, si hirizi?"

Siku ile hatukuweza kumjibu. Leo twamjibu, wala si kwa kujitetea, bali kwa kuwa swali lake ni la haki: neno lina nguvu gani juu ya mwili wa mgonjwa?

Yatupasa kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Kiharusi si pepo wala jicho la jirani. Ni mshipa wa damu wa ubongoni ulioziba, au mara nyingine uliopasuka, na sehemu ya ubongo ikakosa damu ikafa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio uuamrishao upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio wenye usemi pia. Ndipo mkono wetu na ulimi wetu vikaanguka pamoja. Sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini zilizosalia huweza kujifunza kazi yake kwa kadiri, na njia kubwa ya kujifunza ni kurudia. Kidole hukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi leo, na kesho vivyo hivyo, na mwenye kidole haoni badiliko lolote kwa siku nyingi. Kazi hii yataka moyo usiochoka, na moyo hulishwa kwa neno.

Wako wasemao kwamba neno lenyewe huponya; litundike tu utapona. Na wako wasemao kwamba neno ni upepo, na tiba ni dawa peke yake. Makundi yote mawili yamekosea. Watazameni mabaharia wakipandisha foromali. Wimbo haulipandishi tanga. Mikono ndiyo ipandishayo. Lakini nyamazisheni wimbo, mtaona kila mkono wavuta kwa wakati wake, na tanga halendi. Hiyo ndiyo kadiri ya neno: si mkono, bali ndilo liutialo mkono nia.

Basi tofauti ni hii, ewe mzee wetu. Hirizi humwambia mvaaji: lala, mimi nitakufanyia kazi. Neno jema humwambia: amka, kazi ni yako, na kufaulu kwatoka kwa Mola wako. Hirizi hushonwa ndani ya ngozi isisomwe. Neno jema halina faida mpaka lisomwe na lifahamike.

Wala msidhani twasema haya kama watu tuliosalimika. Asubuhi ile, jamaa zetu wenyewe walitaka kwanza tunyweshwe kombe, nasi hatukuwa na ulimi wa kukataa. Tulifika hospitali adhuhuri. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo kwa kawaida hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo, baada ya kupigwa picha ya kichwa na kuhakikishwa kuwa mshipa haukupasuka. Kwetu saa hizo zilikuwa zimekwisha pita. Hatumlaumu mtu, walifanya kwa mapenzi. Lakini mapenzi bila ya ilimu yalitugharimu, nasi tuna dhambi ya kusomesha msikitini yale tusiyoyasomesha nyumbani.

Ama dua, dua si hirizi, kwani ni ombi, na mwenye kuombwa ana hiari yake. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari za Aban, mwana wa Sayyidna Uthman, aliyekuwa akihadithia dua ya kukingwa na madhara asubuhi na jioni. Kisha akapatwa na kupooza. Mtu mmoja akawa anamkodolea macho, kama asemaye: iko wapi dua yako? Aban akamwambia kwamba hadithi ni ya kweli kama alivyoieleza, ila siku ile hakuisoma, ili kadari ya Mungu ipite. Tazameni adabu hii. Hakuikana dua kwa kuwa amepooza, wala hakuona haya kupooza kwa kuwa alikuwa msomaji wa dua.

Hapa pana hatari ya pili, nayo ni ya wageni wa mgonjwa. Wako waliotwambia, "Hili si kitu, wiki ijayo utasalisha." Wiki ikapita, nasi tukaona aibu kana kwamba tumewavunjia ahadi. Wako waliosema, "Mwenye imani ya kweli hupona." Huyu ametia jeraha juu ya jeraha, kwani amemfanya asiyepona kuwa mwenye makosa. Nabii Ayub alikaa na maradhi yake, na nani atasema imani yake ilipungua?

Kwa hiyo tumepata mizani, nasi twawapa. Neno la kumpa mgonjwa ni lile litakalobaki kweli hata mkono usipopona. "Utapona" huenda likawa uwongo. "Leo jaribu tena, nami nitakaa nawe" haliwezi kuwa uwongo ila ukiondoka. Al-Jahiz wa Basra alipooza upande mmoja uzeeni, naye hakuacha kuandika. Pasteur wa Ufaransa alipatwa na kiharusi mwaka 1868 naye ana miaka 45. Upande wake wa kushoto haukurudi sawasawa, na chanjo ya kichaa cha mbwa aliitoa mwaka 1885. Hawakungoja wapone ndipo wafanye kazi.

Ndugu zetu, pimeni presha, acheni tumbaku, na mkimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umeanguka au usemi umemvurugika, mbebeni hospitali saa ile ile. Kisha mkaeni naye.

Nasi tuna tasbihi ya chembe 33. Mwanzo mkono wa kulia haukuweza kuvuta hata moja. Leo huvuta kumi na moja, zilizobaki twamalizia kwa kushoto. Pengine hautazidi hapo. Karatasi za mjukuu wetu bado ziko ukutani, nasi bado twazisoma kwa sauti, na neno "maji" twalisema sawasawa.

Wabillahi tawfiq.