Watu wa Mutuini, Daini Kiti Chenu

Ndugu zangu wa Mutuini, amkeni! Ninyi mnaofuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, ninyi mnaobeba sukuma wiki alfajiri kwenda Soko la Dagoretti, msidhani mikataba ya biashara ya kimataifa ni mambo ya mabwana wa hotelini. Bei ya maziwa yenu inaamuliwa humo.

Mkumbukeni mjane wa Injili ya Luka, aliyemwendea kadhi dhalimu, akarudi na kurudi mpaka akapewa haki yake. Kenya nayo imemwona. Mwaka 2007 Jukwaa la Wakulima Wadogo wa Kenya liliishtaki serikali katika Mahakama Kuu, Nairobi, kwa kuwa mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulikuwa ukijadiliwa na mwenye jembe hakuulizwa neno. Wakangoja miaka sita! Oktoba 2013 mahakama ikaamuru serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wananchi, wakulima wadogo wakiwamo, katika mazungumzo hayo.

Hukumu hiyo ni yenu. Wangapi mnaijua? Imelala kwa kuwa sisi hatukukesha.

Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi Desemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kwa miaka 25 utafungua soko letu hatua kwa hatua. Zipo bidhaa zilizolindwa zisifunguliwe. Nani wa Mutuini aliulizwa ni zipi? Sisemi biashara ni dhambi. Maua na parachichi zetu zinauzwa Ulaya, na watoto wetu wanakula kwa kazi hiyo. Nasema kumfungia mkulima mlango ni dhuluma.

Na sheria iko upande wenu! Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha 1999, unataka Jumuiya iwe ya watu. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinadai wananchi washirikishwe. Sheria ya 2012 inapeleka mikataba Bungeni kabla ya kuridhiwa.

Basi, chama cha wafugaji, kikundi cha akina mama, vijana wa kanisa: Januari 2025 Kenya ilitia saini mkataba mwingine, na Falme za Kiarabu, na bado mingine inakuja. Karani wa Bunge akitangaza gazetini kwamba anapokea maoni, likateni tangazo, lisomeni Jumapili baada ya ibada, andikeni ukurasa mmoja, tieni sahihi nyote, mkaupeleke wenyewe. Kisha mwiteni mbunge wenu wa Dagoretti Kusini, aseme mbele ya watu atasimama upande gani.