Siku Kumi za Danieli

Somo: Danieli 1:1–17



Vijana wetu waliofaulu kidato cha sita wanafungasha kwenda vyuo vikuu, wengine Dar es Salaam, wengine Dodoma. Tumepika pilau, tumeshukuru mbele ya madhabahu, nasi sasa twarudi mashambani tukidhani kazi yetu imekwisha. Hapo ndipo nilipokosea mimi, na ndiyo sababu naandika.

Someni tena habari za Danieli. Naye alikuwa kijana aliyepelekwa mbali na kwao kusomeshwa. Huko Babeli aliwekewa miaka mitatu ya kujifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, muda ule ule wa shahada nyingi za leo. Akapewa jina jipya, Belteshaza, na chakula cha meza ya mfalme. Angalieni, ndugu zangu, hakukataa kila kitu. Jina alilipokea. Vitabu vya wageni alivisoma hata akawapita wenyewe. Alilolikataa ni moja, lile la mezani. Basi, mzazi, usishtuke mwanao akirudi Krismasi ana maneno mapya na nywele ambazo kinyozi wetu hazijui. Babeli haimo katika nywele.

Mimi nilisoma chuo cha ualimu. Kengele ilituamsha saa kumi na moja alfajiri, mwalimu wa zamu akaita majina, na asiyeitika alifyeka nyasi Jumamosi. Tulinung'unika sana. Lakini chuo kikuu hakuna kengele. Mhadhiri husimama mbele ya vijana mia kadhaa, hufundisha kwa Kiingereza, huondoka zake. Usipokwenda wiki tatu hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Na wale waliopata mkopo, fedha ya chakula na malazi huwafikia kwa mikupuo. Wenyewe huiita bumu. Kijana ambaye hajapata kushika zaidi ya nauli anashika matumizi ya wiki nyingi kwa siku moja. Mwanzo ni chipsi na kuku na simu mpya. Baadaye ni mlo mmoja kwa siku, tena kwa siri, maana nyumbani wanajua serikali inamlisha.

Mwaka 2014 mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kwenda chuo kikuu. Januari alinipigia simu usiku. "Shikamoo, mjomba." Marahaba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, huku masomo ni mazito. Nimefanya jaribio la hesabu, sikupata kitu." Nami, mwalimu wa miaka mingi, nikamjibu: "Kijiji kizima kinakutazama wewe. Usitutie aibu." Akasema, "Sawa, mjomba." Tangu siku ile kila alipopiga simu mambo yalikuwa mazuri.

Mwisho wa mwaka aliondolewa masomoni. Wao husema "amedisko". Hatukujua. Oktoba alitwaa begi lake akatuaga, tukamwombea, akapanda basi kwenda mwaka wa pili usiokuwapo. Krismasi hakuja, akisema ana kazi nyingi za kuandika, ila alimtumia bibi yake shilingi elfu thelathini. Tukawaonyesha majirani: tazameni, mtoto anakumbuka wazee. Februari mtu wa hapa hapa alikwenda Kariakoo kununua bidhaa, akamkuta akitembeza makava ya simu juani. Fedha ile ya bibi ilitoka huko.

Nimemfundisha Danieli miaka mingi katika vipindi vya dini, na sikuzote nilisifu ushujaa wake. Baada ya jambo lile nikaona neno ambalo sikuwa nimelitilia maanani. Danieli alisema mapema, kabla mambo hayajaharibika. Mkuu wa matowashi alipoogopa, Danieli hakubishana naye. Alimwendea msimamizi, mtu wa chini tu, akamwomba kwa adabu ajaribiwe siku kumi, yeye na wenzake, kwa mtama na maji. Siku kumi, si miaka mitatu. Na msimamizi yule, mpagani asiyemjua Mungu wa Israeli, alimsikiliza. Kijana wangu naye alisema mapema. Alisema Januari, ungali muda wa kumtafutia mwenzake wa kumwelekeza, au kumshauri abadili masomo. Aliyekosekana ni msimamizi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokwenda: wiki mbili za kwanza tafuteni wenzenu watatu wa kusoma na kusali pamoja. Danieli hakuwa peke yake. Ulizeni mapema, hata kwa mtunza maktaba, hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Bumu likiingia, lipeni kwanza chakula cha mwezi.

Na sisi tunaobaki tuache kuuliza alama kila mara. Tuulize, "Umekula nini leo?" Kisha tunyamaze tusikilize, hata kama salio linakwisha.

Mpwa wangu aliomba chuo kingine baada ya mwaka mmoja, akasoma stashahada, akamaliza. Nilimwomba radhi, lakini nilichelewa miaka mitatu. Alicheka, akasema, "Mjomba, mimi nilidhani wewe ndiwe uliyenikasirikia."

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, wanaoondoka watapiga magoti mbele ya madhabahu waombewe. Padre amekubali kila mmoja apewe mtu mzima mmoja wa mtaa wetu, asiye mzazi wake, wa kumpigia simu. Majina ya watu wazima waliojitolea ni manne mpaka sasa, nalo langu limo. Vijana wanaokwenda ni saba. Daftari liko kwa mzee wa kanisa, mezani karibu na mlango.