Ufunguo wa Kabati la Sukari

Huku kwetu Chepilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, chai hupikwa na kila kitu ndani: maji, maziwa, majani na sukari, sufuria moja. Ikishamiminwa kwenye chupa, hakuna la kujadili. Mwenye kisukari akimtembelea jirani ana njia mbili tu: anywe, ama aikatae chai nzima na mwenye nyumba aseme siku hizi huyu anajiona.

Halafu tunamhubiria nidhamu.

Mama yangu ana kisukari, na bado anachuma majani. Ndugu zangu wanataka sukari ifungiwe kabatini na ufunguo nikae nao mimi, kwa vile ndiye niliye nyumbani tangu niache chuo. (Asiye na ofisi hupewa funguo zote.) Hoja yao naielewa: ukimwona mzazi anaelekea shimoni unamshika mkono, huombi ruhusa kwanza. Lakini nimekataa.

Sukari hiyo hiyo inayomuumiza sebuleni ndiyo inayomwokoa shambani. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, akitoka alfajiri bila kula, apande na kushuka mteremko na kikapu mgongoni, sukari yaweza kushuka kupita kiasi: jasho baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla. Hapo anahitaji kama gramu 15 za sukari upesi, vijiko vitatu au vinne vya chai, kisha asubiri dakika 15 apime tena. Mama hutembea na glukosi mfukoni. Sasa niambie, huyo ni wa kufungiwa kabati?

Aristotle, ambaye babake alikuwa tabibu, aliandika kwamba chakula kisichomtosha mwanamieleka Milo chaweza kuwa kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kipimo humfuata mtu. Mimi naongeza: humfuata pia na siku yake. Ugali wa siku ya kuchuma tangu asubuhi si ugali wa siku ya mvua ya kukaa ndani. Daktari humwona mara chache kwa mwaka. Asubuhi zote nyingine ni yeye, kidole chake na sindano. Hesabu hiyo siwezi kumfanyia nikiwa na ufunguo mfukoni, hata nikimpenda vipi.

Kuna saa nitamshika mkono bila kuuliza, sibishi. Sukari ikishuka hadi maneno yakamchanganyikia, nitamlazimisha anywe kitu kitamu. Akizirai, simtilii chochote mdomoni, nakimbilia hospitali. Lakini hizo ni dakika, na ndugu zangu wanataka kuzifanya maisha yake yote.

Wanaopaswa kubadilika kwanza ni sisi wenye sufuria. Kwetu sasa chai huchemshwa bila sukari, na bakuli liko mezani. Wageni wengine hulalamika kwamba haikolei kama ile ya kuchemshwa pamoja. Mama huwasogezea kijiko.